Blogu ya sola ina makala 14, wasomaji hawafiki 20 kwa siku. Nakosea wapi?

fundi_paneli

Wakuu, habari zenu. Nina blogu ya Kiswahili kuhusu umeme wa jua wa majumbani: paneli, betri, inveta, jinsi ya kufunga na jinsi ya kutafuta hitilafu. Iko Blogger, bado inatumia anwani ya blogspot.com. Ina miezi 4 na makala 14. Takwimu za Blogger zinasema kurasa zinafunguliwa mara 40 hadi 60 kwa siku, ila nikichuja naona wasomaji wa kweli hawafiki 20, na karibu wote wanatokea kwenye linki ninazotupia kwenye makundi ya Facebook. Google hainiletei mtu kabisa.

Vichwa vya makala ni kama hivi: "Umuhimu wa nishati ya jua", "Fahamu kuhusu betri", "Aina za inveta", "Karibu kwenye ulimwengu wa sola". Kila makala ina maneno 400 hadi 600 na picha 5 au 6 za simu.

Naomba msaada kwenye haya: nihamie WordPress au nibaki? Domeini ninunue sasa au nisubiri watu waongezeke? Nifanye nini Google ilete wasomaji? Matangazo ya Google AdSense niombe sasa? Na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inanihusu?

---

Bi_Kurasa

Mkuu, acha kwanza habari za WordPress. Ugonjwa umeutaja mwenyewe, uko kwenye vichwa. Mtu ambaye betri imemzimikia saa 3 usiku haandiki Google "Fahamu kuhusu betri". Anaandika "kwa nini betri ya sola inaisha haraka", au "betri ya N100 inakaa na chaji masaa mangapi". Makala yako huenda ina jibu, lakini limefukiwa aya ya sita chini ya kichwa ambacho hakuna anayekitafuta.

Kukusanya maswali hakuhitaji programu ya kulipia. Chukua simu, fungua Google kwenye dirisha la faragha ili historia yako isichanganye mambo, andika "betri ya sola" halafu acha nafasi, usibonyeze kutafuta. Soma mapendekezo yanayoshuka. Kisha ongeza herufi moja moja: "betri ya sola a", "betri ya sola b", mpaka mwisho wa alfabeti. Rudia kwa vianzio hivi: "bei ya", "jinsi ya", "kwa nini", "tofauti ya", "inaendesha nini". Ukipata pendekezo, litafute kweli, kisha shuka uone maswali mengine ambayo Google inayaorodhesha. Yote yaingize kwenye daftari au jedwali lenye safu tatu: swali kama lilivyoandikwa, nani anajibu sasa hivi, na jibu lao lina kasoro gani.

Safu ya tatu ndiyo yenye mali. Kwa Kiswahili utakuta mara nyingi ukurasa wa kwanza umejaa video, tangazo la duka, na makala iliyotafsiriwa na mashine kutoka Kiingereza isiyotaja ukubwa wa betri za dukani, N70 wala N100, hata mara moja. Hapo nafasi iko wazi. Lakini ukikuta swali linajibiwa vizuri na kurasa tano, liache, nenda kwa jingine.

Sasa tuchukue moja tulifanye. Swali: "panel ya watt 100 inaendesha nini". Kichwa chako kiwe karibu na hilo hilo: *Paneli ya wati 100 inaendesha nini? Hesabu ya taa, TV na simu*. Kina herufi 60 na kitu, kwa hiyo hakikatwi sana kwenye matokeo. Kisha aya ya kwanza, bila salamu, bila "katika ulimwengu wa leo":

> Siku yenye jua zuri, paneli ya wati 100 hukupa takribani wati-saa 350 hadi 400 baada ya kutoa kinachopotea kwenye waya, chaja na betri. Hizo zinatosha taa 4 za wati 5 kwa saa 5 (100), TV ya inchi 24 inayokula wati 30 kwa saa 4 (120), na kuchaji simu 3 (kama 45). Jumla 265, na akiba kidogo inabaki kwa siku ya mawingu. Pasi, jiko la umeme na birika havimo.

Msomaji ameshapata jibu kabla hajavuta skrini. Usiogope kwamba ataondoka. Anayetaka kufunga kweli atashuka kuona unavyopata 350 kutoka kwenye 100, betri gani inafaa, na akiongeza friji mambo yanaharibikaje. Hapo ndipo unaweka jedwali la vifaa na wati zake, na linki mbili tatu kwenda makala zako nyingine: ya kuchagua betri, ya unene wa waya. Makala isiyopokea linki hata moja kutoka kwa nduguze Google huichukulia kama kitu kilichotupwa pembeni.

Jambo la tahajia. Watu wanaandika "sola", "solar", "panel", "paneli", "inverter", "inveta", "watt", "wati", wote kwa wakati mmoja. Chagua tahajia moja kwenye kichwa, ile uliyoiona kwenye mapendekezo, na ile nyingine iingie kawaida ndani ya matini mara moja au mbili. Usifanye ule mtindo wa kurundika maneno chini ya ukurasa kwa rangi nyeupe. Google inaujua tangu zamani, na huo ni mlango wa adhabu.

---

seva_na_nyaya

Naunga mkono aliyetangulia. Mimi nijibu ya ufundi wa tovuti.

Baki Blogger. Kwa makala 14 na mtu mmoja anayeandika, WordPress ya kujihudumia itakuongezea kazi tatu: kusasisha programu na plagini, kuweka nakala za akiba, na kulipia seva kila mwaka. Watu wengi hutazama bei ya mwaka wa kwanza tu. Uliza bei ya kuhuisha, ndiyo bei ya kweli. Wakati wa kuhama utaujua mwenyewe: unapotaka kikokotoo cha sola ndani ya ukurasa chenye kuhifadhi majibu, au waandishi wanne wenye ruhusa tofauti, au duka.

Lakini domeini nunua sasa, wala usisubiri. Linki zote utakazopata kuanzia leo zitaelekea kwenye jina lako, siku ukihama Blogger unaondoka nazo. Jina liwe fupi, litamkike kwenye simu bila kutaja herufi moja moja, lisiwe na kistari. Kama wasomaji wako ni wa Tanzania .co.tz inafaa, kama unawalenga na Wakenya na Wakongo basi .com. Na hili nalirudia kwa sababu linaumiza watu: sajili kwa barua pepe yako mwenyewe na jina lako mwenyewe, hata kama fundi wa tovuti ndiye anayekufanyia. Domeini iliyosajiliwa kwa jina la fundi ni mali ya fundi. Mkikosana, umekwisha.

Kuunganisha na Blogger:

Ingia Mipangilio ya Blogger, sehemu ya kuchapisha, weka domeini maalumu ukianza na www. Itakukatalia na kukuonyesha rekodi mbili za CNAME, yaani mistari inayosema jina lielekee wapi. Ya kwanza ni ya www inayoelekea ghs.google.com. Ya pili ni ya kuthibitisha umiliki, ina herufi ndefu zisizosomeka, ni ya kwako peke yako, inakili kama ilivyo. Nenda kwenye jopo la DNS (ukurasa wa rekodi za domeini) la muuzaji aliyekuuzia domeini, weka zote mbili. Kisha ongeza rekodi nne za A kwa jina tupu lisilo na www: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Rudi Blogger, hifadhi, washa uelekezaji wa jina tupu kwenda www, washa HTTPS na uelekezaji wake. Subiri hadi saa 24 kabla hujaanza kulalamika.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. Moja, jopo la DNS linaongeza jina la domeini lenyewe mwishoni, nawe umeliandika tena, ikawa www.jina.co.tz.jina.co.tz. Pili, rekodi ya A ya zamani ya ukurasa wa "inakuja hivi karibuni" wa muuzaji imebaki, kwa hiyo nusu ya watu wanaona blogu na nusu wanaona tangazo. Ifute.

Anwani ya zamani ya blogspot itaendelea kuwapeleka watu kwenye mpya yenyewe, huhitaji kufanya kitu.

Halafu picha. Picha ya simu siku hizi ina MB 3 hadi 5. Zako 6 ni kama MB 24 kwa makala moja. Blogger inajitahidi kupunguza ukubwa inapoonyesha, lakini kama umechagua "ukubwa halisi" umemfungulia msomaji mzigo wote. Mwenye bando la MB 500 hawezi kukupa MB 24 ili asome kuhusu waya. Fungua squoosh.app kwenye kivinjari, punguza upana uwe pikseli 1200, chagua WebP au JPEG yenye ubora wa 75, lenga KB 100 au chini ya hapo. Picha ya kiunganishi kilichoungua inabaki kuonekana vizuri kabisa. Kisha andika maelezo ya picha yanayosema kilichomo: "kiunganishi cha MC4 kilichoyeyuka upande wa chanya", si "IMG_2043".

Anwani ya kila makala pia itazame kabla ya kuchapisha. Blogger hukata kichwa inavyojua yenyewe. Kwenye upau wa kulia wa ukurasa wa kuandikia kuna kiungo cha kudumu, chagua maalumu, andika kama paneli-wati-100-inaendesha-nini. Ukishachapisha usiibadilishe ovyo. Ukilazimika, weka uelekezaji maalumu kwenye Mipangilio. Na uwashe maelezo ya utafutaji, maana Blogger huja yakiwa yamezimwa. Ukiyawasha, kila makala inapata kisanduku cha kuandika sentensi moja au mbili zinazoweza kuonekana chini ya kichwa kwenye Google. Herufi 150 hivi.

---

nairobi_sola

Nyongeza kutoka upande wa Kenya. Ukitaka wasomaji wa huku, jua kwamba wengi tunaandika "stima" pale mnapoandika "umeme", na bei tunauliza "ngapi" au kwa Kiingereza moja kwa moja. Makala moja haiwezi kutumikia pande zote kwa usawa kwenye mambo ya bei: shilingi ni mbili tofauti, maduka tofauti, hata ukubwa wa betri unaopatikana kwa wingi unatofautiana. Ya hesabu na hitilafu inaweza, kwa sababu betri ikivimba Arusha au Eldoret sababu ni zile zile.

Kwa hiyo makala za "bei ya" zitaje nchi kwenye kichwa na zibebe mwezi na mwaka wa bei ndani. Na ujitie adabu ya kuzihuisha. Makala ya bei iliyolala mwaka mzima ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana msomaji akifika dukani akakuta bei imepanda, hakuamini tena hata kwenye waya.

Kuhusu takwimu zako: zile za ndani ya Blogger zinahesabu hata roboti. Zitazame kwa mwelekeo tu. Weka Google Search Console, ndiyo itakayokuambia ukweli wa Google.

---

fundi_paneli

Asanteni sana wakuu. Search Console niliiunganisha mwezi uliopita lakini inanichanganya. Inasema kurasa 9 hazijaorodheshwa. Sababu ninazoziona: "imezuiwa na robots.txt", "ukurasa mbadala wenye lebo sahihi", na nyingine mbili "imetambazwa, bado haijaorodheshwa". Kuna anwani zina ?m=1 mwishoni. Blogu yangu imefungwa?

---

Bi_Kurasa

Haijafungwa. Tuzichambue.

"Imezuiwa na robots.txt" kwa Blogger karibu kila mara ni kurasa za lebo na za utafutaji, zinazoanza na /search. Blogger imezizuia kwa makusudi ili Google isipoteze muda kwenye orodha zinazojirudia. Ziache.

Zenye ?m=1 ni sura ya simu ya ukurasa ule ule. Blogger inaiambia Google kwamba mwenye haki ni ukurasa usio na hiyo ?m=1, ndiyo maana inaitwa mbadala. Nayo iache. Kuna watu wanauza kodi (code) za kuondoa ?m=1 kwenye templeti. Usiziguse, zinaharibu zaidi ya zinavyoponya.

Zile mbili "imetambazwa, bado haijaorodheshwa" ndizo za kufanyia kazi. Maana yake roboti wa Google alikuja, akasoma, akaona hakuna haja. Nabashiri ni "Karibu kwenye ulimwengu wa sola" na "Umuhimu wa nishati ya jua". Hapo dawa siyo kubonyeza "omba kuorodheshwa" kila asubuhi. Dawa ni kuifanya makala ijibu kitu, kuipa linki kutoka makala nyingine mbili, ndipo uombe mara moja.

Hakikisha pia umewasilisha ramani ya tovuti: ndani ya Search Console, sehemu ya ramani, andika sitemap.xml, basi. Ukishahamia kwenye domeini mpya fungua mali (property) mpya kwa jina hilo na uwasilishe tena.

Baada ya hapo ripoti ya utendaji ndiyo rafiki yako. Ina kumbukumbu ya hadi miezi 16. Washa mibonyezo, maonyesho na nafasi ya wastani, kisha panga maswali kwa maonyesho. Unatafuta aina mbili. Ya kwanza: nafasi ya 3 au 4, limeonekana mara nyingi, limebonyezwa mara chache. Hapo kichwa hakivutii au hakijibu, kibadilishe. Ya pili: nafasi ya 8 hadi 20. Hapo Google inakuona lakini haijakuamini. Fungua makala husika, ongeza kichwa kidogo chenye swali hilo hilo, lijibu kwa aya moja kamili, ongeza picha au hesabu, na uiunganishe na nyingine. Makala 10 zilizorudiwa hivi zinaleta watu kuliko makala 30 mpya za "fahamu kuhusu".

Fanya hivyo mara moja kwa mwezi. Ukitazama kila siku utaumwa kichwa bure, nafasi hupanda na kushuka zenyewe.

---

mama_wa_linki

Google mmeisema vya kutosha, ila blogu ya miezi 4 itakula miezi mingine kabla Google haijaizoea. Kwa sasa wasomaji wako wako WhatsApp, na hapa natofautiana kidogo na wakuu hapo juu: ningeanza na hilo leo, makala zikiendelea kurekebishwa.

Unavyoweka linki Facebook, "someni makala mpya hapa", ndiyo njia ya uhakika ya kupuuzwa, na wasimamizi wa makundi wanakufuta. Geuza. Weka picha moja ya tatizo, mfano vichwa vya betri vilivyoota ukungu wa kijani, andika sababu na tiba kwa sentensi nne mtu aelewe bila kubonyeza kitu. Linki iwe ya mwisho, kwa anayetaka hesabu au hatua zote. Watu hushea kilichowasaidia. Linki tupu hakuna anayeishea.

WhatsApp ina njia nne na kila moja ina kilema chake. Kundi linabeba watu hadi 1,024, lakini kila mtu anaona namba ya mwenzake, na mkigeuka kisogo linajaa salamu na biashara za mkopo. Orodha ya matangazo inabeba 256, na ujumbe unamfika yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, ndiyo maana watu wengi hutuma kwa 256 wakashangaa waliojibu ni wawili. Hali (Status) inadumu saa 24. Chaneli, iliyokuja 2023, haina kikomo cha kukutia wasiwasi na wafuasi hawaoni namba za wenzao. Kwa blogu, chaneli.

Weka mwaliko wa chaneli mwisho wa kila makala, pale msomaji aliposhukuru moyoni. Usiuweke juu, usifanye dirisha la kuruka usoni, kwenye skrini ya inchi 5 linaziba kila kitu na alama ya kufungia haionekani. Tuma mara moja au mbili kwa wiki: kidokezo kizima na linki moja.

Jaribu linki yako mwenyewe kwanza, jitumie. Ikitokea bila picha, au na picha ya nembo iliyokatwa kichwa, tatizo ni picha ya kwanza ya makala. Iwe mlalo, pikseli 1200 kwa 630, chini ya KB 300, na ndiyo iwe ya kwanza kabisa kwenye makala. Ukiibadilisha, WhatsApp inaweza kuendelea kuonyesha ya zamani kwa muda, ongeza ?v=2 mwisho wa linki uone mpya.

Kwa kuwa wewe ni fundi, weka na linki ya kuongea nawe: https://wa.me/255 ikifuatiwa na namba bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Mtu akiandika wa.me/07... haifunguki, kosa hili nalikuta kwenye kadi za watu kila siku. Ukiongeza ?text=Nimesoma%20makala%20ya%20betri utajua mteja ametokea makala ipi. Kwa fundi, mteja mmoja wa kufunga mfumo ana thamani kuliko matangazo ya mwaka mzima.

Kile kisanduku cha zamani cha kujiandikisha kwa barua pepe ndani ya Blogger usikihangaikie. Kilitegemea FeedBurner, na huduma hiyo ya barua pepe ilisitishwa 2021. Bado templeti nyingi za kupakua zinacho, watu wanajaza barua pepe zao na haziendi popote. Kitoe.

---

seva_na_nyaya

Kwenye AdSense na leseni, kwa kuwa hayajajibiwa.

AdSense usiombe sasa. Kwanza soma kwenye kurasa zao za msaada orodha ya lugha wanazozikubali, maana blogu ya lugha isiyo kwenye orodha inakataliwa hata ikiwa nzuri kiasi gani, na orodha hiyo hubadilika. Pili, hesabu. Malipo hayatoki hadi ufikishe dola 100, na ukifika dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa posta ili kuthibitisha anwani. Kwetu hapa hiyo maana yake ni sanduku la posta linalofunguliwa kweli. Jina na sanduku viandikwe vile vile kama vilivyo kwenye akaunti. Usipoingiza namba hiyo ndani ya miezi 4 matangazo yanasimamishwa. Na kwa wasomaji 20 kwa siku dola 10 zenyewe ni safari. Wakati huo kurasa zinakuwa nzito, msomaji wa bando anakimbia. Usibonyeze matangazo yako wala kuwaomba rafiki wabonyeze. Akaunti inafungwa na kuirudisha ni shida.

TCRA: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ndizo zilizowatia blogu wengi hofu, ada yake ikipita shilingi milioni 2 mwaka wa kwanza. Zilitungwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Kwa hiyo makala na video za 2018 zinazozunguka zisikufanye ufunge blogu wala zisikufanye udharau. Waandikie TCRA barua pepe yenye swali moja tu: blogu ya elimu ya ufundi wa sola, isiyo na habari wala matukio ya siku, iko kundi gani kwa kanuni zinazotumika leo, na ada ni kiasi gani? Jibu lao la maandishi lihifadhi.

Ukikusanya namba na majina kwa fomu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa. Ni sababu nyingine ya kupenda chaneli: huhifadhi namba ya mtu.

---

fundi_paneli

Nimewaelewa. Domeini nanunua wiki hii, picha naanza kuzipunguza. Swali la mwisho: zile makala mbovu nizifute nianze upya, au nizirekebishe? Na kwa wiki niandike ngapi?

---

Bi_Kurasa

"Aina za inveta" na "Fahamu kuhusu betri" zirekebishe pale pale zilipo, anwani isibadilike. Ya inveta igeuze iwe *Tofauti ya inveta ya pure sine na modified: ipi inaharibu friji?* maana hilo ndilo linalowasumbua watu, na majina hayo ya Kiingereza ndiyo yaliyoandikwa kwenye boksi dukani. Ya betri ivunje: moja ya kuisha haraka, moja ya kuvimba, moja ya kuchagua kati ya N70 na N100. Ile ya zamani ibaki kama mlango wenye linki za hizo tatu.

"Karibu kwenye ulimwengu wa sola" ifute, haina wa kuililia. "Umuhimu" ukitaka ifute, au uihamishie kwenye ukurasa wa kuhusu blogu.

Kwa wiki, moja mpya na moja ya zamani iliyofanyiwa ukarabati. Mpya ifuate jedwali lako la maswali, ukimaliza kundi moja kabla hujarukia jingine: makala 6 au 7 zote za betri zikiunganishwa, ndipo uende kwenye waya. Ukiwa na muda wa kitu kimoja tu wiki hiyo, fanya ukarabati.

Na ukishazirekebisha hizo mbili za kwanza, zibandike hapa vichwa na aya ya kwanza tu, tuzikague.